Karani Aliyejipelekea Barua ya Wakili

Katika miaka yangu ya ukarani nimepeleka barua nyingi za wakili, zile ambazo mtu akiona bahasha tu anatafuta pa kuketi. Nimezipeleka Mwatate, nimezipeleka Taveta, nimezipeleka Werugha katika ukungu ambao mpelekewa hamwoni vizuri anayeleta, na kwa karani huo ni usalama. Moja nilijipelekea mwenyewe. Niliipokea, nikatia sahihi kuthibitisha kwamba nimeipokea, kisha nikajishukuru. Vijana niliowaacha ofisini wamekuwa wakiicheka habari hiyo vipande vipande, kila mmoja na kipande chake, na vingine si vya kweli. Sasa nimestaafu, sina cheo cha kulinda, na mke wangu amechoka kuniona nimekaa. Nitaieleza yote, tena kwa mpangilio.

Niliingia kazini mwaka mmoja au miwili baada ya Uhuru. Nilikuwa nimetoka Wusi, kwetu milimani Taita, na cheti changu cha shule ndani ya bahasha, suruali imepigwa pasi ya makaa mpaka inasimama yenyewe, nikiamini kwamba karani ni mtu anayekaa. Ofisi ya Wakili Athmani ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa hapa Voi, karibu na stesheni. Treni ya mizigo ikipita, wakili na mteja walilazimika kunyamaza wakatazamana mpaka behewa la mwisho. Wakili alikuwa mtu wa Mombasa, mwembamba, mpole wa sauti, mwenye Kiswahili kizuri hadi nikaona haya kufungua kinywa. Siku hiyo ya kwanza alinipa barua moja niipige taipu pamoja na nakala. Niliweka karatasi ya kaboni kinyume. Barua ilitoka safi upande wa mbele, na upande wa nyuma wa karatasi ile ile ikatoka tena, maneno yote yamegeuka.

Wakili aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

"Elija," akasema, "nakala yetu hii tutaisoma kwa kioo?"

"Samahani, Bwana Wakili."

"Si neno. Kilete basi hicho kioo."

Nilidhani ananitania. Kumbe alitaka kweli niende nikaazime kioo dukani, nirudi niisome barua yote mbele yake, neno kwa neno, mpaka "wako mwaminifu". Tangu siku hiyo sijakosea kaboni. Mengine nimekosea.

Kazi ya mashamba na nyumba aliifanya kwa njia ambayo sijaiona kwa wakili mwingine. Mtu akija kununua au kuuza, Wakili Athmani hakugusa kalamu kabla karani wake hajaenda kuzunguka. Unachukua nakala ya ramani katika ofisi ya ardhi Wundanyi, unafika kwenye shamba lenyewe, unawaita muuzaji, mnunuzi na majirani wa pande zote, kisha mnatembea mpakani kona hadi kona. Kwenye kila kona jirani husika anasema kwa kinywa chake, "Mimi naishia hapa." Unaandika. Asipokuwepo, unarudi siku nyingine. Mkimaliza mnakula pamoja, hata kama ni viazi vitamu na chai, kwa sababu wakili aliamini kwamba mtu aliyekula huona haya kukana alichosema.

Ukirudi ofisini hakuulizi umeona nini. Anakwambia, "Onyesha viatu." Unanyanyua mguu mmoja, halafu wa pili, kama ng'ombe anayekaguliwa kwato. Akiona udongo wa milimani umepanda mpaka kisiginoni, anachukua kalamu. Akiona vumbi la Voi peke yake, unarudi ulikotumwa.

Mwanzoni niliona ni mambo ya kizamani. Siku moja, kwa uvivu, nilijipaka tope la mtaroni hapa hapa mjini, nikamwonyesha. Alilitazama kwa makini, akasema, "Hili la nyuma ya hoteli." Kesho yake nilipanda Wundanyi.

Lakini kuzunguka kuliwaokoa watu. Palikuwa na fundi mmoja wa reli, mtu wa Kakamega, aliyetaka kiwanja hapa mjini ajenge nyumba ya uzeeni. Karatasi zilikuwa sawa kabisa. Tulipotembea, kona ya tatu tuliikuta ndani ya choo cha jirani, na jirani mwenyewe alikuwa ndani. Ilibidi tungoje. Alipotoka alifunga mshipi wake, akatusalimu, akasema, "Mimi naishia pale mbele," huku akionyesha katikati ya kiwanja tulichokuja kununua. Fundi yule alinunua kwingine, na kila Krismasi akawa anatuletea kuku.

Kisha wakaja wapimaji wa serikali. Huko milimani kwetu mtu hakuwa na shamba, alikuwa na vipande: cha mahindi huku chini, cha mboga kule juu kwenye baridi, cha ndizi kando ya kijito. Wapimaji walivikusanya vipande, kila mtu akapewa sehemu moja yenye namba, na jina lake likaandikwa katika daftari la ardhi. Hati zilifuata baadaye. Wengi walizipokea, wakazifunga kwa kitambaa, wakaziweka sandukuni chini ya nguo za kanisani, wala hawakuzisoma tena. Likumbukeni hilo sanduku.

Kufikia hapo nilikuwa karani mkuu, nami sisemi kwa kujisifu, maana tulikuwa makarani wawili. Ugonjwa wangu ulianzia Mombasa. Nilitumwa kupeleka hati kwa wakili mmoja mkubwa, jina lake tuliache. Nilipandishwa kwa lifti. Nilikanyaga zulia lililomeza sauti ya viatu. Karani wake alikuwa na karani wake. Nililetewa chai kwenye kikombe chenye kisahani, nikakalia kiti kilichonimeza mpaka magoti yakawa sawa na kidevu, nikajiambia, huyu sasa ndiye wakili. Wakili Athmani nilikuwa nimemwona akila mahamri kibandani, makombo yamemjaa kifuani. Nilikuwa nimemwona akigombana na fundi cherehani juu ya urefu wa suruali. Mtu uliyemwona hivyo, utamkabidhije nyumba yako?

Na nyumba ilikuwapo. Mwalimu Nyambu wa Werugha alikuwa anauza kwake ahamie Taveta kwa wanawe. Ilikuwa nyumba ya mabati, madirisha ya vioo, matuta ya kabichi yakishuka mpaka kijitoni, na banda la ng'ombe wawili. Mimi na mke wangu Wakesho tulikuwa tumepanga chumba kimoja Voi na watoto watatu, joto likitupika kama maharagwe. Wakesho alipoiona ile nyumba alishika ukuta kwa kiganja akatulia. Nikajua lazima niipate.

"Si umwambie Wakili Athmani akufanyie?" akaniuliza tuliporudi. "Uko naye kila siku."

"Ndiyo sababu. Akijua yeye, Voi nzima itajua. Ndugu zangu nao watajua."

"Watajua tu wakiona moshi jikoni."

"Halafu jambo kubwa linataka wakili mkubwa, mama watoto."

Alinitazama vile mtu anavyomtazama aliyevaa shati kinyume, akaendelea kuchambua mchicha.

Nilinunua viatu vipya vya kwendea Mombasa, vyeusi, vyembamba mbele, vikiniumiza kidole kidogo. Wakili mkubwa aliniuliza kama nataka nyumba ikiwa tupu siku ya kuingia. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi tuachie sisi," akanipa karatasi ya kumruhusu kufanya yote yatakayohitajika, nami nikatia sahihi kwa mkono mwepesi kwa sababu kalamu yenyewe ilikuwa nzuri. Kuhusu kuzunguka hakuuliza, nami sikutaka kuonekana mshamba. Mimi niliyewazungushia watu nusu ya Taita, nilisimama barazani kwa Mwalimu Nyambu, nikanywa chai, nikasifu kabichi, nikaondoka kabla mvua haijaharibu viatu. Watu husema kinyozi hajinyoi. Ni kweli, lakini mimi nilikwenda kwa kinyozi ambaye hakutaka kuona kichwa.

Shamba huwa haliuzwi bila kibali cha bodi ya ardhi, kwa hiyo siku ya bodi nilipanda Wundanyi nikijifanya nimeenda kwa kazi za ofisi. Ilisomwa namba 318, Mwalimu Nyambu akaitika, mimi nikaitika. Mzee mmoja wa bodi akaniuliza, "Umeizunguka?" Nikasema nimeizunguka. Na kweli nilikuwa nimezunguka nyumba, nikitafuta choo.

Hati ilipotoka kwa jina langu niliitazama kama picha ya harusi. Niliifunga kwa kitambaa, nikaiweka sandukuni chini ya nguo za kanisani. Mwalimu akahama, Wakesho na watoto wakapanda Werugha, mimi nikabaki Voi nikingoja Jumamosi.

Jumatatu ya pili akaingia ofisini mama mmoja, umri umepita sitini, kanga mbili, mwavuli wa kiume, na kikapu cha avokado. Alijiita Mama Wakio, wa Werugha. Nilimkaribisha kiti.

"Mimi natafuta wakili ya hapa," akasema. "Sio ya mbali. Ya mbali ndio ameniandikia hii."

Akatoa barua kifuani. Kabla sijaifungua niliitambua karatasi, maana hakukuwa na nyingine nene namna ile. Ilisema kwamba yeyote anayekaa katika shamba namba 318 aondoke katika siku thelathini, kwa kuwa shamba hilo limenunuliwa na mteja wao. Jina la mteja halikutajwa. Ilikuwa imepelekwa kwa chifu, chifu akafungua ramani, akatafuta 318, akampelekea aliyemkuta pale.

"Lakini Mama," nikasema, "hiyo 318 si kwa Mwalimu Nyambu?"

"Mwalimu anakaa juu. Alikuwa anakaa. Mimi niko chini, ng'ambo ya kijito. Wapimaji walimpa mume wangu ile ya juu, Nyambu wakampa ya chini. Sasa mama ya mume wangu amezikwa chini. Akasema hawezi kumwacha. Basi wakabadilishana, ni binamu. Wewe kaa kwangu, mimi nikae kwako. Watu wanne waliona, na mbuzi ikaliwa."

"Waliandika?"

"Waandike nini? Kila mtu anajua."

Ni kweli, kila mtu Werugha alijua. Mwalimu Nyambu mwenyewe, mtu mwaminifu, aliamini kwamba karatasi zitafuata watu walikohamia. Wasiojua walikuwa daftari la serikali, wakili wa Mombasa na mimi. Nilikuwa nimenunua nyumba ya mabati ya juu, na karatasi ikanipa nyumba ya mama huyu.

"Mume wangu naye amelala hapo mlangoni," akaendelea. "Nikitoka namwambia, naenda kijitoni. Naenda kanisani. Sasa nitamwambia naenda wapi?"

Nilichukua kalamu nikaiweka chini.

"Na huyu mtu amenunua, yeye hana mama?"

"Anaye," nikasema.

"Kwani unamjua?"

Nikasema ngoja nikuletee chai. Nilitoka nikakaa nyuma ya duka la vitambaa muda mrefu kuliko chai yoyote inavyohitaji. Niliporudi Wakili Athmani alikuwa amekwisha kumwita ndani, amemsikiliza na kumkubali. Kikapu cha avokado kilikuwa juu ya meza yangu. "Hiyo ni yako, karani," akaniambia Mama Wakio akitoka. "Umenisikiliza vizuri."

Wakili akaniita. "Elija, nenda Wundanyi ukapekue daftari. Tumjue huyu mteja wao ni nani, tumwandikie."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili, hata treni haikuwa inapita. Nikasema, "Sawa, Bwana Wakili." Nilipanda mpaka Wundanyi kwenda kuuliza jina langu. Nilijaza fomu, nikaandika mwombaji ni Elija Mwasaru. Yule bwana wa ofisi ya ardhi akafungua daftari, akashuka na kidole mpaka 318, akasimama. Akaitazama fomu. Akanitazama mimi.

"Ndugu, umekuja kujitafuta?"

"Nimetumwa," nikasema.

Alipiga mhuri bila kuuliza zaidi, na ninamshukuru mpaka leo. Voi nilifika mchana, nikaiweka karatasi kwenye meza ya wakili, imelala kifudifudi. Niliona afadhali serikali inisemee. Wakili aliigeuza, akaisoma. Wakati huo huo treni ya mizigo ikapita, tukanyamaza na kutazamana kama ilivyokuwa desturi ya ofisi, na sijapata kuona treni ndefu kama ile.

"Onyesha viatu," akasema ilipokwisha.

Nilikuwa nimevaa vile vile vyeusi. Nikanyanyua mguu mmoja, halafu wa pili.

"Hivi ndivyo ulivyonunulia nyumba?"

"Ndivyo, Bwana Wakili."

"Vizuri sana. Vyang'aa." Akaiweka karatasi chini. "Fimbo ya mbali haiui nyoka, Elija. Wewe umeikodi ya mbali, imekwenda kumpiga mama wa watu."

Ningefurahi angenifokea. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, si kwa sababu ya kumficha, bali kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kazi moja tu ya maana maishani na nikaiona si ya hadhi yangu. Nikamwuliza kama nifungashe vitu vyangu.

"Ukienda nani atapiga taipu? Mwenzako hajui hata kaboni ina pande mbili. Keti. Tumwandikie huyu bwana."

Basi akasoma, nikapiga. "Kwa Bwana Elija Mwasaru. Bwana, tumeagizwa na mteja wetu..." Nakala tatu, kaboni upande wake. Barua ilikuwa kali. Ilisema nisithubutu kumgusa mama yule, na palipoandikwa "usipofanya hivyo" nilisita, wakili akasema, "Endelea, hapo ndipo pazuri." Kisha nikafungua kitabu cha kupelekea barua. Kwenye safu ya aliyepeleka nikatia sahihi. Kwenye safu ya aliyepokea nikatia sahihi. Wakili akaikagua na kusema kwamba ya pili inatetemeka.

Tangu hapo faili ile aliifungia kwenye droo yake na ufunguo akauweka mfukoni. Ofisi yangu ilikuwa inanishtaki, na kila asubuhi niliisalimu na kuifagilia.

Ijumaa Mama Wakio alikuja. Nilimwambia mwenyewe, nimesimama, mbele ya wakili. Nilisema mnunuzi ni mimi, barua ilitoka kwa wakili wangu, na sikuizunguka ardhi.

"Zile avokado ulikula?"

"Nilikula, Mama."

"Zote?"

"Zote."

"Haya," akasema, akageukia wakili.

Niliwapigia simu Mombasa kutoka posta. Wakili mkubwa aliniambia hati yangu ni safi, nimwondoe tu yule mama, na kuhusu nyumba ya juu tutamshtaki mwalimu, jambo litakalochukua miaka kadhaa. Kwa karatasi hakukosea hata neno. Nikamwambia asimamishe kila kitu. Akasema niandike barua.

Kisha mambo yakageuka. Mama Wakio alileta hati kutoka sandukuni kwake, ile aliyopokea mumewe na isiyosomwa na mtu. Ilikuwa 340, kwa jina la marehemu. Namba 340 ndiyo nyumba ya mabati. Maana yake ni kwamba Wakesho na watoto wangu watatu walikuwa wanalala katika nyumba ya Mama Wakio, na hakuna karatasi yoyote duniani iliyosema vinginevyo. Shemeji yake alipanda kutoka Mwatate haraka, akamwambia, "Achana na huko chini. Ingia kwa mabati. Sheria iko na wewe." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mama akikubali kubadilishana kwa maandishi, sisi tunabaki. Akikataa, tunatoka.

"Nimemweleza haki yake yote," Wakili Athmani aliniambia waziwazi. "Aweza kukaa chini, aweza kupanda juu. Yeye ni mteja wangu, Elija. Wewe si mteja wangu."

Nilimchukia juma zima. Leo najua kwamba angenipendelea hata kidogo nisingemwamini tena, lakini wakati ule nilitamani sana kupendelewa. Wakesho nilimweleza Jumamosi. Hakupiga kelele. Alisema, "Tukitolewa, watoto utawaambia wewe. Mimi sitakusaidia kutafuta maneno."

Karatasi za urithi wa marehemu zilichukua miezi. Zilipokwisha, kabla ya siku ya bodi, Mama Wakio alisema anataka mashamba yote mawili yazungukwe, na anayezunguka awe mimi. Wakili alinipa ramani. Kati ya wale mashahidi wanne watatu walikuwa hai. Tulianza asubuhi kwenye ukungu, kona hadi kona, kila mmoja akisema anapoishia, nami nikiandika huku karatasi ikilowa. Tulipovuka kijito soli ya kiatu changu cha kulia iliachana na kiatu ikaenda na maji. Mashahidi waliniambia niifuate. Mama Wakio alisema niendelee, mbele kuna kona nyingine. Tulimalizia mlangoni kwake, kando ya kaburi la mumewe, tukala viazi. Nilingoja aseme lolote kuhusu bodi, lakini aliniuliza tu kama nataka chumvi.

Siku ya bodi chumba kilijaa. Shemeji yake alikuwepo, Wakesho alikuwepo, nami nilikaa nyuma kama mshtakiwa. Bwana Afisa wa Tarafa akasoma namba mbili, kisha akavua miwani.

"Mama, unafahamu kwamba kwa daftari nyumba ya mabati ni ya marehemu, na sasa ni yako?"

"Nafahamu. Wakili ameniambia mara tatu. Ya tatu nikamwambia mimi si kiziwi."

"Shemeji yako anasema usikubali kubadilishana."

"Shemeji hakuwa siku ya mbuzi."

"Basi wewe mwenyewe wasemaje?"

Alisimama, akaegemea mwavuli wake.

"Mume wangu alisema wamebadilishana. Yeye amekufa, lakini mimi nilisikia, na mimi bado niko. Nikisema hapa kwamba hakusema, nikirudi nyumbani nitapita vipi hapo mlangoni?"

Bwana Afisa aliandika. Wakesho alifunika uso kwa leso. Mimi niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, na siku hiyo nilikuwa nimevaa ndara.

Watu bado huniuliza wamchague wakili gani wanapouza au kununua nyumba. Huwaambia, nenda ofisini kwake, usitazame zulia, tazama viatu vya karani. Uliza kama wanajua kijito cha huko unakonunua kinaitwaje. Na kama umemwona wakili akila mahamri, hilo si kosa. Atakuwa jirani bado siku ile mambo yatakapoharibika, naye atalazimika kukusalimu. Wengine hunisikiliza. Wengine hupanda lifti.

Juma la kwanza la kustaafu kwangu nilikuwa barazani, miguu mitupu, nikijifunza kukaa, kazi niliyodhani nimeajiriwa kuifanya tangu mwanzo. Nikamwona Mama Wakio akipanda kutoka kijitoni, polepole, mwavuli ule ule. Sasa hatembei sana. Nilisimama nikampa kiti, akakataa.

"Karani, nasikia umeacha kazi."

"Nimestaafu, Mama."

"Nataka kumwandikia Wakio lile pande la mihindi, kabla sijaenda kulala na baba yake. Nimetuma mtu kwa Wakili Athmani. Anauliza nani atazunguka."

"Wako vijana wazuri sana pale ofisini, Mama. Wamesoma kuliko mimi."

"Kuna mmoja amewahi kujipelekea barua?"

"Hapana, Mama. Hakuna."

"Basi," akasema, "vaa viatu."